Kahawa Sukari Mpaka Magumu kwa Baiske: Hii Mlima Haitaki Hasira

Kila Jumapili asubuhi pale steji ya Kahawa Sukari kuna msee mmoja mpya. Unamjua. Amenunua baiske ya mtumba juzi, ameenda nayo Ruiru na kurudi mara tatu, ameposti picha mbili akiwa na miwani, na sasa anaona barabara ya tambarare imekuwa ndogo kwake. Anauliza mbogi, "Leo form ni wapi?" Mtu anamjibu, "Magumu." Anacheka, anasema fiti, twendeni. Masaa manne baadaye hacheki, na hata kuongea hawezi.

Mwaka wangu wa kwanza huyo msee nilikuwa mimi. Nilitoka Thika nikiwa mbele ya kila mtu, nikapita Kamwangi nikijiskia Chris Froome, halafu kilomita chache mbele miguu ikakataa. Si kule kuchoka kwa kawaida. Ilizima kama simu. Nilikaa kando ya shamba la majani chai, nikala andazi la mtu mwingine, halafu nikarudi Thika na mathree, baiske ikiwa juu ya keria imefungwa na kamba ya mpira. Makanga alinilipisha ya watu wawili. Nililipa bila kubishana, na hapo ndio ujue nilikuwa nimeisha kabisa.

Baadaye nikaanza kuuliza wazee wa baiske ni nini kilinifanyikia. Jibu lilikuwa rahisi na la aibu: nilipanda kwa hasira. Mlima hauna haja na hasira yako. Una hesabu zake, na hizo hesabu mtu yeyote wa mtaa anaweza kuzishika kabla hajatoka kwa keja. Wacha nikupee vile nilizishika mimi, kwa sababu wiki iliyopita nimeskia vijana wengine wawili wa huku Sukari wakipanga kwenda Magumu na black mamba moja na chupa moja ya maji.

Kwanza uijue barabara yenyewe. Kahawa Sukari iko juu kidogo ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Thika pia iko hapo hapo tu, hata chini kidogo. Kwa hivyo zile kilomita ishirini na kitu za Thika Road, Ruiru, Juja, Witeithie mpaka Thika, hazikupandishi popote. Unashuka mto unapanda, unashuka mto mwingine unapanda tena. Mto Ruiru, Ndarugu, Chania, Thika, yote inatoka juu kwenye milima ya Aberdare na kukata ardhi kama vidole vya mkono, na sisi tunaikata ikiwa imelala kando. Ndio maana ukifika Thika miguu inadai imefanya kazi ilhali bado uko urefu ule ule wa nyumbani. Hapo ndipo msee mpya anajidanganya. Amekimbizana na mathree za Juja asubuhi yote, amepiga spidi, ameskia raha, na hajui kwamba mlima haujaanza hata mita moja.

Ukishika barabara ya Magumu kutoka Thika mambo yanageuka. Sasa unaelekea kule mito inatoka. Unapita Kamwangi huko Gatundu Kaskazini, mananasi na nyumba za mawe zinaisha, majani chai yanaanza, baridi inaingia kwa mikono ya jezi. Halafu unaingia msitu wa Kieni. Ukitoka upande ule mwingine uko Magumu, pale Flyover, barabara inapokutana na ile kubwa ya Nakuru, karibu mita 2,600 juu. Kutoka Thika ni zaidi ya kilomita 50, na umejibeba kwenda juu zaidi ya mita 1,000. Chukua KICC, ambayo ina mita 105, uipange mara kumi moja juu ya nyingine. Hiyo ndio ngazi utapanda ukiwa umekaa kwa kiti cha baiske.

Sasa kuna msee mjanja atatoa kikokotoo aseme, buda, mita 1,000 ukigawa kwa kilomita 50 ni asilimia 2 tu, hiyo si mlima, hiyo ni kaslopu. Hesabu iko sawa lakini imekudanganya. Asilimia 2 ni wastani, na hakuna mtu huendesha baiske kwa wastani. Barabara inashuka bonde, na kila mita uliyoshuka lazima uilipe upande ule mwingine. Kuna vipande ni tambarare, kwa hivyo mahali pengine lazima pakule deni: asilimia 5, 6, na kona zingine hata zaidi. Asilimia 6 maana yake ni kwamba kila ukisonga mita 100 mbele, umepanda mita 6, kama ghorofa mbili. Moja utaishinda na nguvu. Shida ni ile ya thelathini.

Haya, tuingie kwa gia, maana hapa ndipo watu wengi huanguka mtihani kabla ya kutoka.

Kwa tambarare adui yako ni upepo. Ukienda polepole upepo unakuachilia, ukikimbia unakusukuma kifua. Kwa mlima adui ni uzito. Wewe na baiske yako mkiwa kilo 80, kupanda asilimia 6 kwa spidi ya kilomita 10 kwa saa kunataka kama wati 150 kutoka kwa miguu yako. Wati ni zile zile za bulb. Bulb moja ya zamani ya 100 na nusu ya nyingine, ziwake bila kuzima mpaka ufike juu. Kijana anayeendesha baiske kila wiki anaweza kuiwasha hiyo saa nzima. Ongeza spidi ifike 15 na mlima unakudai nusu zaidi, kama wati 225. Hakuna mahali pa kuteleza wala upepo wa kukusukuma kutoka nyuma. Kila kilomita moja ya spidi unailipia keshi.

Sasa black mamba. Naipenda, imebeba Kenya nzima mgongoni, maziwa, kuni, watoto wa shule. Lakini iko na gia moja. Ukizungusha pedali mara moja inasonga mita 5 na kitu. Ili miguu izunguke vizuri, tuseme mara 60 kwa dakika, lazima uwe unaenda kama kilomita 19 kwa saa. Kupanda asilimia 6 kwa spidi hiyo na chuma kizito hivyo kunataka zaidi ya wati 300, na hiyo saa nzima ni kazi ya watu wanaolipwa mshahara kuendesha baiske. Wewe ukishindwa, hauna chaguo la gia nyingine. Utasimama kwa pedali, uzungushe polepole sana, kila mzunguko ukiwa kama kupanda ngazi na gunia la mahindi, na magoti yatakushtaki. Ndio maana ukiona mzee wa black mamba amefika kwa mlima anashuka na kusukuma, usimcheke. Amepiga hesabu kitambo kuliko wewe.

Baiske ya mlima ile ya mtumba, yenye meno 22 mbele kwa duara dogo na 34 nyuma kwa duara kubwa, ni hadithi ingine. Mzunguko mmoja unasonga mita moja na theluthi hivi. Mara 60 kwa dakika ni chini kidogo ya kilomita 5 kwa saa. Ndio, hiyo ni spidi ya kutembea. Lakini unatembea umekaa, pumzi iko, na magoti hayalii. Kwa hivyo ukienda kununua, wacha kuangalia rangi na jina lililoandikwa kwa chuma. Geuza baiske, hesabu meno. Duara la mbele liwe dogo, la nyuma liwe kubwa. Fundi akikuambia "hii ni ya resi, ni nyepesi" na ukaona meno 52 mbele na nyuma yamekuwa kama ngumi, mwambie asante, hiyo apelekee mtu wa Mombasa Road.

Kitu kingine cha bure kabisa ni kiti. Vijana wengi wa mtaa huweka kiti chini kama wamekaa kwa stuli ya kinyozi, ati ndio stailo. Kaa kwa baiske, weka kisigino kwa pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unafaa kunyooka. Ukikunja goti sana kila mzunguko, unaendesha mlima mzima ukiwa umechuchumaa. Pandisha kiti na utashangaa, ni kama mtu amekuongezea mguu wa tatu.

Nikirudi kwa hasira: kosa langu halikuwa gia, gia nilikuwa nazo. Ilikuwa pumzi.

Hewa ya Sukari na hewa ya Magumu ziko na oksijeni asilimia ile ile, 21. Kinachobadilika ni vile hewa imeshikana. Ukipanda kutoka huku mpaka Flyover, kila pumzi unavuta iko na oksijeni pungufu kama asilimia 12. Mapafu ni yale yale, miguu ni ile ile, lakini mafuta ya gari yamepunguzwa maji. Sisi watu wa huku juu tuko na bahati, tumezaliwa kwa mwinuko tayari, mtu wa Mombasa angeanza kuskia kizunguzungu mapema. Lakini bado utaiskia. Ile kasi uliyokuwa unaipiga Juja bila shida, kwa Kieni itakukaba.

Na mwili uko na mstari. Chini ya huo mstari unaunguza chakula polepole na hewa inatosha, unaweza kwenda masaa. Ukipita juu yake, misuli inaanza kudai haraka kuliko damu inavyoleta, moto unaingia kwa mapaja, na deni hilo halisamehewi ukiwa bado unapanda. Unaweza kulilipa tu ukipunguza. Saa za mkononi za bei zinapima hii kitu, lakini hauhitaji. Sema kwa sauti, "Niko sawa, wacha twende mdogo mdogo." Kama umemaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati, uko chini ya mstari. Kama umefika "niko sawa" ukakatika, umepita, haijalishi unajiskia simba namna gani. Mbogi yetu huwa tunapiga stori kwa mlima makusudi. Mtu akinyamaza tunajua ni nani ameanza kuungua. Siku yangu ya aibu sikuongea na mtu kutoka Thika, na hakuna mtu alikuwa karibu wa kuongea naye maana nilikuwa nimewaacha. Hesabu hiyo uifanye mwenyewe.

Chakula ni sehemu ile ile ya hadithi. Misuli na ini zinaweka sukari ya kutosha kazi ngumu ya saa moja na nusu, mbili hivi. Baada ya hapo kama haujaongeza, kuna ukuta. Ndio ile kuzima kama simu niliyokuambia. Kichwa kinakuwa chepesi, mikono inatetemeka, unaanza kuchukia watu bila sababu. Inachekesha kuishiwa sukari na unatoka mtaa unaitwa Sukari, lakini hutacheka ukiwa huko. Dawa ni kula kabla ya kuskia njaa. Asubuhi uji na ngwaci ama chapo mbili na chai. Ukiwa njiani, kila saa weka kitu: ndizi moja iko na kama gramu 25 za wanga, mbili kwa saa ni vizuri sana. Maji kama nusu lita ama zaidi kidogo kwa saa, na kwa chupa moja weka chumvi kidogo na sukari, maana jasho si maji matupu. Hauhitaji vile vipakiti vya wazungu vya ladha ya sitroberi. Thika iko na ndizi, Kamwangi iko na ndizi. Baada ya Kamwangi jibebee, kwa msitu hakuna duka.

Kabla hujaniambia hizi ni hesabu za watu wengine, kuna stori ya wasee wetu wawili. Mwaka 2008 Nicholas Leong, mpiga picha kutoka Singapore, alichukua Wakenya wawili akawapeleka Ufaransa. Zakayo Nderi alikuwa anang'arisha viatu. Samwel Mwangi alikuwa anabeba watu kwa boda ya baiske. Akawapeleka Alpe d'Huez, ule mlima wa kona 21 ambao Tour de France huutumia kuwatesa watu. Ni kilomita 13.8 kwa wastani wa asilimia 8, na kwenda juu ni kama mita 1,100. Angalia hiyo namba tena. Ni karibu kimo kile kile utapanda kutoka Thika mpaka Magumu, tofauti yao wameikunja kwa kilomita chache na sisi yetu imenyooshwa. Nderi alifika juu kwa dakika 42 na sekunde 10. Wako wengi wenye leseni na baiske ya bei ya nyumba ambao hawajawahi kuona huo muda. Huyo ni mtu hakuwa amekulia kwa resi za baiske. Kwa hivyo mapafu tunayo. Kinachotumaliza wengi wetu ni vifaa, barabara na kukosa mtu wa kutuambia tupunguze.

Froome mwenyewe, ambaye amezaliwa Nairobi na kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, alianza kufunzwa baiske na David Kinjah huko Mai-a-Ihii, Kikuyu. Si mbali na hapa. Na kama unadhani kushuka na kusukuma ni aibu, mwaka 2025 mashindano ya dunia yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, na kwa ile resi kubwa ya wanaume waliomaliza ni watu 30 peke yake. Wengine wote, na hao ni wataalamu wenye timu na magari nyuma, milima ya Rwanda iliwashusha. Wewe ukishuka usukume kilomita moja pale Kieni, hakuna mtu atakupeleka kortini. Kumbuka gia yako ndogo kabisa inaenda spidi ya kutembea anyway.

Kitu kimoja usifanye: usishike lori. Najua unajua naongea nini. Hii barabara inabebwa na malori ya viazi na kabeji kutoka Kinangop, na yakirudi juu yakiwa tupu yanapanda polepole, ka-chuma ka nyuma kanakuangalia kakikuita. Vijana wanashika kwa mkono mmoja wanavutwa mpaka juu. Shida ziko tatu na zote zinakuja pamoja. Umeweka mkono mmoja kwa usukani, kwa hivyo breki moja tu. Hauoni shimo maana lori limeziba mbele, unaliona likiwa tayari chini ya taya yako. Na lori likipinda kona, magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele, yanakata ndani, kule wewe uko. Dereva hajui hata kama uko hapo. Sisi mtaani tushazika mtu hivyo. Sitasema zaidi.

Kwa Kieni pia kuna ukungu. Unaweza toka Thika na jua, uingie msitu na usione mita hamsini. Taa nyekundu nyuma, hata mchana, na nguo ya rangi inayopiga kelele. Jezi nyeusi ni noma kwa picha lakini kwa ukungu wewe ni kivuli tu. Kaeni pamoja, mstari mmoja, na msiingie ndani ya miti ati mnatafuta mahali pa kujisaidia mbali. Huo msitu uko na ndovu. Kando ya barabara inatosha, wenzako wataangalia upande mwingine.

Basi umefika. Flyover, upepo, mahindi choma, picha moja na lile jina Magumu nyuma yako, ambalo sasa unalielewa. Kila mtu anadhani kazi imeisha. Kwangu mimi hapa ndipo kazi inaanza, na ningeweza kukuandikia makala nzima juu ya kushuka peke yake.

Ule urefu wote uliupanda umebaki ndani yako kama deni lililogeuka. Kila mita uliyopanda inataka kurudi kuwa spidi, na kitu pekee kinachosimama katikati ni vipande viwili vya mpira vinavyobana rimu. Watu wanashuka wamebana breki kidogo kidogo njia yote, wakidhani wako salama. Rimu inapata moto, mpira unalainika, na ukifika kona yenyewe unafinya na hakuna kitu. Ilinifanyikia mara ya tatu nikienda, nikishuka kuelekea Kamwangi. Nilifinya breki mpaka ikagusa usukani na baiske ikaendelea tu kama hainijui. Nilitoka kwa barabara makusudi nikaingia kwa majani chai. Majani chai yananyofoa ngozi ajabu, lakini ni laini kuliko canter.

Kwa hivyo finya kwa nguvu, punguza spidi sana kabla ya kona, halafu achilia kabisa rimu ipoe. Finya, achilia. Breki zote mbili pamoja, mwili urudi nyuma ya kiti kidogo, pedali ya nje iwe chini ukipinda. Usikose kujua hii: ukiongeza spidi mara mbili, kutoka 30 kwenda 60, njia ya kusimama inaongezeka mara nne. Na kama mvua imenyesha na rimu zako ni za chuma ile ya kung'aa, kama za black mamba, breki zinapotea karibu zote mpaka rimu ikauke. Hapo shuka utembee. Naongea seriously. Suleiman Kangangi, mmoja wa waendesha baiske bora kabisa Kenya imewahi kutoa, mtu aliyekuwa anajua kushuka kuliko mimi na wewe tukiunganishwa, alipoteza maisha Agosti 2022 kwa ajali ya kasi katika resi ya Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Kasi haiangalii CV.

Kisha baridi. Kila mita 1,000 juu hewa inapoa kama digrii 6 na nusu, na wewe umelowa jasho, na unashuka kwa upepo wa kilomita 40 kwa saa bila kuzungusha mguu. Vidole vinakufa ganzi. Vidole vikifa ganzi haviwezi kufinya breki. Unaona vile mambo yanashikana? Beba glavu, hata zile za mjengo. Na kuna ujanja wa zamani wa waendesha baiske wa Ulaya ambao unafanya kazi Kieni vizuri sana: gazeti. Nunua Thika asubuhi, soma kurasa za michezo, ukifika juu ingiza ndani ya jezi kifuani kabla hujashuka. Upepo hautakugusa. Ukifika chini uko na habari za jana zilizolowa jasho, lakini kifua kiko salama.

Kama bado hujawahi, usianze na Magumu. Toka Kahawa West, pita Kamiti, panda mpaka Kiambu kupitia Kirigiti. Ni mabonde na kahawa, unapanda unashuka, na ukishindwa nyumbani ni karibu. Fanya hiyo Jumapili nne. Ongea ukipanda. Hesabu ndizi. Peleka baiske kwa fundi abadilishe mpira wa breki, na umwambie akuonyeshe ile mistari ya mpira: ikiisha, mpira umeisha, hata kama anasema "bado iko sawa, boss".

Halafu Jumapili ya tano uje steji. Tunatoka saa kumi na mbili kamili, kukiwa bado na giza kidogo, na tunaenda polepole mpaka Thika, polepole ya kuudhi. Wasee wapya hulalamika wakifika Juja. Bei ya kurudi na mathree kutoka Magumu ukiwa na baiske ni ya kubargain, lakini makanga wa hiyo njia wanajua kuangalia uso wa mtu. Ukifika steji ukiwa umetulia unalipa moja. Ukifika vile nilivyofika mimi, utalipa ya watu wawili na utasema asante.